Alama Mbili kwenye Nati Moja

Sauti ile ilianza walipofika kwenye kona ya kiwanda cha mbao, na Bwana Pampu aliisikia kabla ya mwingine yeyote, kwa kuwa alikuwa ametumikia mitambo ya kusukuma maji miaka thelathini na minne, akiijua kila pampu kwa mlio wake kama mama ajuavyo kilio cha mwanawe. Koto. Kimya. Kisha, gari lilipopunguza mwendo: koto.

“Simamisha,” alimwambia shemeji yake aliyeshika usukani.

“Shemeji, tumetoka nyumbani dakika nane tu. Acha gari lipumue kidogo.”

“Nimesema simamisha. Gurudumu la nyuma, kushoto. Linacheza.”

Mkewe Bwana Pampu, aliyekaa kiti cha nyuma huku ameishika kofia ya mumewe isichukuliwe na upepo, alitazama pembeni. Gari lile dogo la kijani lisilo na paa lilikuwa limewafikia ndani ya masanduku kumi na moja, kila kipande kimefungwa kwa karatasi yenye nta, na watatu hao ndio waliolijenga kwa mikono yao, miaka miwili kamili, katika banda lililo nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza barabarani. Walirudi kwa mwendo wa maziko, na kila waliposimama na kuondoka tena, kitu huko nyuma kiliwagongea mlango: koto.

Bandani waliliinua gari kwa jeki. Bwana Pampu alilishika gurudumu juu na chini akalitikisa, likatikisika kama jino la mtoto wa miaka sita. Wakalitoa. Beringi ilikuwa nzima. Kilichokuwa kikicheza ni habu yenyewe, yaani kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu. Habu hiyo huvishwa juu ya meno ya ekseli, ule mhimili wa gurudumu, ikaegemea pete ya chuma kwa ndani. Kwa nje huwekwa washa nene, yaani kisahani cha chuma chenye tundu, kisha nati moja kubwa hukazwa juu ya vyote, kwa nguvu nyingi mno, hata vipande hivyo vinne vikawa kama kitu kimoja. Sasa habu ilikuwa ikienda mbele na kurudi juu ya meno yake, upana wa uzi, lakini ikienda.

Na hapo ndipo ulipokuwa mkasa wenyewe. Juu ya nati ile kulikuwa na mistari miwili ya rangi, mmoja mweupe na mmoja mwekundu, kila mmoja ukianzia kwenye nati na kuvuka hadi kwenye ncha ya ekseli. Mistari yote miwili ilikuwa imenyooka, haikukatika wala kupinda. Nati haikuwa imezunguka hata kidogo tangu siku ilipokazwa.

Inafaa ijulikane kwamba mistari hiyo haikuwa mapambo. Siku ya sanduku la kwanza wanaume hawa wawili walikubaliana sharti moja: nati yoyote, hata ile ndogo ya kushikilia taa, ikazwe na mmoja na ipimwe na mwingine. Bwana Pampu angeweka alama nyeupe, shemeji yake nyekundu, na nati isiyo na alama zote mbili ingehesabiwa kuwa haijakazwa. Gari zima lilikuwa na nati mia mbili na kumi na mbili, na zote zilikuwa na jozi yake, nyeupe na nyekundu. Shemeji huyo alikuwa fundi wa mizani. Alikuwa akizunguka madukani na kwenye maghala akizirekebisha mizani zilizopotoka na kuzitia muhuri, na kwa kazi hiyo watu wote, na dada yake mwenyewe, walimwita Mizani. Hata ile spana ya kupimia, inayolia tak nati inapofikia nguvu iliyotakiwa, ilikuwa yake, naye aliijaribu kila mwezi kwa kuning’iniza mawe ya mizani kwenye mpini wake.

“Hii niliikaza mimi,” alisema Bwana Pampu, akiwa bado amechuchumaa.

“Nami nikaipima.”

“Uliipima kwa nini? Kwa jicho?”

“Kwa spana, shemeji. Ikalia tak.”

“Ikiwa ililia tak, mbona habu inacheza?”

“Mimi ndiye wa kuulizwa, au wewe uliyeikaza?”

“Niliikaza hata mishipa ya shingo ikasimama!”

“Basi hebu tuangalie na ya kulia,” alisema Mizani kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali. “Ile niliikaza mimi, wewe ukaipima.”

Wakazunguka upande wa pili wakaitikisa habu ya kulia. Ilikuwa imetulia kama jiwe la msingi wa nyumba. Mizani alikunja mikono tu kifuani, na ukunjaji ule ulimchoma Bwana Pampu kuliko maneno mia.

Damu ilimpanda kichwani. Yeye, aliyekuwa akiandika saa na dakika ya kila beringi aliyoitia grisi! Yeye, aliyewahi kurudi kazini kwa miguu siku ya mapumziko kwa kuwa alitilia shaka koki moja! Aambiwe leo, ndani ya banda lake, mbele ya mkewe, kwamba hakukaza nati? Akili yake ikaenda mbio ikatafuta njia, ikaipata moja tu. Alikuwa ameikaza, hilo alilijua kama ajuavyo jina la baba yake. Nati haikuzunguka, alama zilishuhudia. Habu ilikuwa inacheza. Mkono wake ulishuhudia. Basi huenda siku ile nguvu zilimpungukia kidogo, kama zimpungukiavyo mtu yeyote, na kazi ya mpimaji ilikuwa kuligundua hilo. Mpimaji hakuligundua. Kwa nini?

“Kwa sababu hukuipima,” alisema kwa sauti kubwa. “Uliona nyeupe yangu, ukachovya brashi, ukapaka nyekundu yako, ukaenda zako kunywa chai. Umetia sahihi barua ambayo hukuisoma.”

Mkewe aliiweka ile kofia juu ya meza ya kazi. “Mume wangu,” alisema, “neno hilo lirudishe.”

“Silirudishi.”

Mizani aliitazama nati ile. “Miaka ishirini na sita naweka muhuri,” alisema. “Wenye maduka wamenitukana, wamenifungulia mbwa, mmoja alinirushia kilo mbili ya chuma. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusema nimetia muhuri bila kupima. Nimengoja kuambiwa na mume wa dada yangu.” Aliichukua spana yake, akaifunga katika kitambaa chake cha flana kama mtu amfunikaye mtoto, akaitia mfukoni mwa begi. “Dada, kwaheri. Nitakuja siku nyingine kukuona wewe.”

Lango lilifungwa taratibu. Bwana Pampu angependa libamizwe.

Siku nne zilizofuata hasira yake haikupoa. Iliwekwa motoni kila asubuhi ikapashwa upya. Aliitandikia habu ile kitambaa cha meza kilichozeeka, akatangaza kwamba huo ni ushahidi na kwamba hakuna kuugusa. Alizungumza na mswaki wake. Alizungumza na redio, ambayo ilikuwa ikieleza habari za hali ya hewa, akaikatiza kuiuliza iwapo kuna haki katika dunia ambamo mtu hupaka rangi tu na kuitwa mpimaji. Jirani mmoja, mshonaji viatu, alipochungulia juu ya ua kuuliza gari linaendeleaje, alipewa maelezo kamili ya dakika arobaini, na tangu hapo akawa anapita njia ya upande wa pili.

Mkewe alikuwa mchora vibao. Banda lilikuwa la wote wawili, nusu yake vyuma na nusu yake makopo ya rangi, na wiki ile alikuwa akichora kibao cha fundi cherehani, herufi za manjano juu ya ubao wa bluu. Alimsikiliza siku ya kwanza, na ya pili. Siku ya tatu alinyanyua brashi kutoka kwenye herufi.

“Umemaliza kumsema?”

“Sijamaliza. Nimepumzika.”

“Mdogo wangu si mwongo.”

“Kwa hiyo mimi ndiye mwongo?”

“Wewe pia si mwongo.”

“Sasa, mke wangu, hesabu gani hiyo? Nati ni moja, watu ni wawili, habu inacheza. Ikiwa si yeye na si mimi, mwongo ni nani?”

“Kwani lazima awepo mwongo?”

Bwana Pampu alicheka kicheko kikavu. Huo ndio ulegevu wa familia yao, alijiambia. Kwao kila jambo hujitokea lenyewe.

“Ngoja nikuulize kitu kuhusu hiyo habu,” aliendelea mkewe. “Zile nyuso zake za ndani, siku nilipo—”

“Mambo ya nati yana wenyewe, mama. Wewe endelea na fundi cherehani wako.”

Mkewe alimtazama kwa muda wa kutosha kuchora herufi nzima. “Haya,” alisema. Na “haya” hiyo, mtu yeyote aliyewahi kuishi na mwanamke yule alijua kwamba haikuwa na uhusiano wowote na kukubali. Akarudi kwenye kibao chake, wala hakumkaribisha chai.

Jumamosi asubuhi, jua likiwa limeshafika kwenye kizingiti cha banda, ilisikika hodi langoni. Alikuwa Mizani. Mkono wa kulia alikuwa na kopo la tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, na begani alikuwa na begi lake na kitambaa cheupe.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, mdogo wangu. Karibu ukae.”

“Sikuja kukaa. Nimekuja kuchukua kilicho changu.”

“Spana yako ulikwenda nayo,” alisema Bwana Pampu toka ndani, bila kugeuka.

“Nimekuja kuchukua jina langu.”

Akapiga goti mbele ya gari, akalowesha kitambaa, na kwa uangalifu uleule aliozoea kusafishia sahani za mizani, akaifuta alama nyekundu kwenye nati ya kwanza ya bampa. Nyeupe iliyokuwa kando yake hakuigusa. Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu.

Bwana Pampu aligeuka. Kwa dakika nzima alishindwa kuelewa anachokiona, na alipoelewa, alimkimbilia. “Wewe! Unafanya nini?”

“Mtu apakaye bila kupima hafai kuacha jina lake kwenye gari la watu. Nne. Siku moja litawaua, na watakaokuja kulikagua watakuta nyekundu. Tano.”

“Acha! Hizo zilipimwa!”

“Nani amesema?”

“Mimi nasema! Nilikuwepo, nilikuona kwa macho yangu!”

“Uliniona kwenye hizi, ila ile moja hukuniona? Basi mimi mwenyewe sina hakika tena. Huenda nazo nilipaka tu, nikaenda zangu kunywa chai. Sita.”

Uchungu wa jambo lile ulikuwa katika sharti lao wenyewe. Nati yenye alama moja haijakazwa. Lazima ilegezwe, ikazwe upya na ipimwe upya, na nyingine zilikuwa zimefunikwa na sakafu, na sakafu ilifunikwa na viti. Mizani hakuwa anafuta rangi. Alikuwa analivunja gari bila kuondoa kipande. Akishamaliza, miaka miwili ingekuwa imerudi masandukoni, na kati ya nyumba hizi mbili kusingebaki kitu cha kumrudisha mtu langoni.

“Unaharibu kazi!” alifoka Bwana Pampu.

“Naharibu rangi tu, shemeji. Si ulisema kazi haikuwemo?”

Alipofika nati ya kumi na nane, mchora vibao aliisimamisha brashi yake ndani ya kopo la maji, akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda nyuma ya gari na kukivuta kile kitambaa cha meza kwa nguvu hata vumbi likatimka.

“Ushahidi huo!” alisema mumewe.

“Ndiyo. Nautazama. Tangu Jumanne hakuna aliyeutazama.” Akainama, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa ile washa nene. “Njooni hapa.”

Bwana Pampu akaja. Mizani aliendelea kufuta.

“Nimesema njooni, wote wawili. Mdogo wangu, weka kitambaa chini kabla sijakifanyia kazi nyingine.”

Akaja. Pembezoni mwa washa, kuizunguka yote, kulikuwa na pindo jembamba la kijani, laini, lililotokeza nje kama uji unavyotokeza ukingoni mwa sufuria iliyofunikwa. Bwana Pampu alikuwa ameliona siku ya kwanza akadhani ni uchafu. Mwanamke yule alilibandua kipande akakiweka kiganjani.

“Rangi hii ni yangu,” alisema. “Nami naijua ikikwanguliwa inavyokuwa, na ikikamuliwa inavyokuwa. Hii imekamuliwa. Ilikuwa katikati ya washa na habu. Mkaibana kwa nguvu zenu zote, spana ikalia, nanyi mkafurahi. Halafu gari likatembea, vyuma vikapata joto, rangi ikalainika ikatoka nje taratibu. Mahali ilipokuwa pamebaki wazi. Nati haikusogea, na haikuwa na haja ya kusogea. Hamkukazia chuma. Mlikazia rangi.”

Mizani aliinama karibu, akavuta pumzi. “Na ya kulia?”

“Sanduku la kulia lilichelewa kufika, hukumbuki? Lilipokuja, rangi ilikuwa imekwisha, nanyi hamkuweza kungoja hata siku moja. Mliifunga ikiwa tupu.”

Hapo Bwana Pampu alipata nafasi ya kugeuza uso wa hasira yake. Alikuwa amesafishwa! Alikuwa ameikaza! Basi aliyefanya upuuzi huu atajwe sasa hivi.

“Haiwezekani,” alisema. “Nani mwenye akili zake anapaka rangi kati ya washa na habu?”

“Nilipaka mimi.”

“Kwa idhini ya nani?”

Mkewe alikitazama kile kipande cha kijani kiganjani mwake. “Kalete kitabu,” alisema.

Bwana Pampu alikwenda kwa hatua ndefu. Kitabu cha maelekezo kilikaa kwenye rafu ya chumbani, kimefunikwa kwa gazeti kama vitabu vya shule, na kilikuwa na masahihisho yake mengi ya wino wa bluu, kwa sababu hakuwa mtu wa kuamini kwamba jambo ni sahihi kwa kuwa limechapwa. Alikifungua ukurasa wa habu ya nyuma, akaandaa sauti ya kusomea watu, akaweka kidole.

Sentensi ilikuwepo. *Nyuso zote zinazokutana, za pete, habu na washa, ziachwe tupu na kavu; zisipakwe rangi wala grisi.* Nayo ilikuwa imekatwa kwa mstari wa bluu ulionyooka, uliochorwa kwa rula. Pembeni, kwa mwandiko ule uliowahi kusifiwa na walimu wake, palikuwa pameandikwa: *La hasha! Chuma kitupu ni chakula cha kutu. Ipakwe mara mbili.*

Akakumbuka. Alimkumbuka mkewe akiwa na brashi mkononi na ile pete kidoleni, akiuliza, “Hata hapa panapokutana na mwenzake?” Na yeye alijibu, bila kuinua kichwa, “Kwani kutu itaniomba ruhusa? Paka.”

Alisimama mbele ya rafu. Hasira yake, ambayo kwa siku nne ilikuwa ikimbeba kama farasi, ilizunguka chumba kizima ikitafuta pa kukaa. Ilimwendea mwandishi wa kitabu: kwa nini hakueleza sababu? Ilikiendea kiwanda cha rangi. Ilizikumbuka pampu za zamani, zilizopakwa rangi kila mahali na hazikuwahi kulalamika, ingawa, kusema kweli, yeye alizipaka zikiwa zimeshafungwa. Ilirudi na kusimama mbele yake mwenyewe, ikamtazama.

Wala hakuna mtu mwingine aliyekuwa akikisoma kitabu kile. Ukurasa mmoja huchanika kirahisi. Angeweza kurudi bandani akasema hakioni, na mambo yangepoa yenyewe, na kosa lingebaki kuwa la rangi, yaani la mwenye brashi. Kupitia dirishani aliisikia sauti ndogo ya kitambaa juu ya chuma. Mizani alikuwa amerudi kwenye kazi yake. “Ishirini na mbili,” sauti ilisema. “Ishirini na tatu.”

Alirudi na kitabu kikiwa wazi, akasimama wima katikati ya banda, akasoma. Alisoma sentensi iliyochapwa. Kisha akasoma ya pembeni, na “la hasha” yake, neno kwa neno. Kisha akasema:

“Mwandiko ni wangu. Mke wangu aliniuliza nikamwamuru. Shemeji, niliikaza nati, nawe uliipima. Kazi zetu zote mbili zilikuwa za haki. Kosa lilikuwa chini ya kazi, na aliyeliweka ni mimi. Nilikuita mtu usiyekuwa. Neno lile nalirudisha, tena nalirudisha mbele ya yule aliyelisikia. Naomba unisamehe.”

Mizani alibaki amepiga goti, kitambaa kikidondosha tina. “Soma tena,” alisema.

“Nini?”

“Hapo pembeni. Nataka kuisikia ile la hasha.”

Bwana Pampu akasoma tena, masikio yakimwaka moto. Alipofika kwenye chakula cha kutu, mabega ya Mizani yalianza kutikisika.

“Usidhani nimekusamehe,” alisema akijifuta macho kwa kiwiko. “Nimecheka tu. Hayo ni mambo mawili.”

“Nimeelewa.”

“Na hizi ishirini na tatu utazilegeza na kuzikaza wewe, moja moja. Mimi nitapima. Nitapima polepole sana.”

“Ni haki yako.”

“Na mimi je?” aliuliza mchora vibao. Wote wawili wakageuka. Alikuwa amesimama na mikono kiunoni, na uso ule haukuwa na dalili yoyote ya kicheko. “Siku nne mmetukanana kwa ajili ya kitu nilichokipaka kwa mkono wangu, katika banda langu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeona nafaa kuulizwa swali. Wewe ulinifunga mdomo. Na wewe, mdogo wangu, ulikuja na kopo la tina badala ya kuja na swali. Mambo ya nati yana wenyewe, si ndiyo?”

“Dada—”

“Mama, nimekosa,” alisema Bwana Pampu. “Kwako ndipo nilipokosa kwanza.”

“Vizuri. Sasa fungueni hiyo habu, mkwangue hiyo rangi. Mimi nilipaka na nilipaka vizuri. Kubandua si kazi yangu.” Akaketi mbele ya kibao chake, akawapa mgongo.

Wakaifungua. Wakaketi bega kwa bega kwenye benchi kama watoto waliobakizwa baada ya masomo, mmoja na pete, mwingine na habu, wakasugua kwa msasa na tina. Rangi ile iliyokuwa imekimbia kwenye nyuso zilizobanwa, mahali pengine ilikuwa imeng’ang’ania kama deni la damu. Nusu saa ilipita. Vidole vikawauma.

“Dada,” alisema Mizani, “hii rangi uliichanganya na nini?”

“Na utii,” alijibu bila kugeuka.

Chuma kilipong’aa kitupu, Bwana Pampu alikipangusa kikavu, akavipanga vipande vinne mahali pake, akaikaza nati hata mishipa ya shingo ikasimama. Mizani akaitoa flana begini, akaifungua, akaichukua spana, akapima. Tak. Alama nyeupe ikachorwa. Kopo la rangi nyekundu lilikuwa wazi pale pale, lakini Mizani hakulishika.

“Siku ile nayo ililia,” alisema. “Yangu nitaiweka tukirudi.”

Wakaenda wote watatu, mchora vibao mbele safari hii, kwa kuwa alikwenda kukaa huko pasipo kumwuliza mtu. Walikwenda hadi kona ya kiwanda cha mbao, wakasimama, wakaondoka, wakasimama, wakarudi kinyumenyume mbele ya wachana mbao waliokuwa wakiwashangaa. Hawakusikia kitu ila injini na upepo. Waliporudi waliinua gari, wakatoa gurudumu lingali na joto. Spana ikawekwa juu ya nati na kusukumwa. Ikalia papo hapo, na mstari mweupe haukusogea hata unene wa unywele.

Mizani alichovya brashi, akaiweka nyekundu yake kando ya nyeupe. Kisha, brashi ikiwa bado na rangi, alikivuta kitabu kilichokuwa wazi mezani, na mbele ya maneno *La hasha!* akachora mstari mmoja mfupi, mwekundu, ulionyooka kabisa.

“Hii nayo nimeipima,” alisema.

Bwana Pampu akachukua spana ya kawaida, akaenda mbele ya gari, akapiga goti kwenye nati ya kwanza ya bampa na kuanza kuilegeza.